Kiti cha Plastiki Msibani

Chai ilipita mara tatu na mama hakuigusa.

Ilikuwa Juni, msibani, katika kijiji kimoja cha Bahi, mkoani Dodoma, upepo wa kipupwe ukilipiga turubai na kumwaga vumbi kwenye masufuria. Wanawake walikuwa wameketi chini mikekani, wengine wamenyoosha miguu, wengine wameikunja chini ya khanga, mabega yakigusana. Mama yangu alikuwa juu ya kiti cha plastiki cha bluu, pembeni ya mkeka wa mwisho, mkongojo umeegemezwa ukutani. Kila mwanamke aliyefika alikutana naye kwanza, kwa kuwa ndiye aliyechomoza, kisha akashuka chini kukaa na wafiwa.

Binti mmoja wa pale alimletea kikombe. Akasema, "Ahsante mwanangu, nitakunywa baadaye." Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nikainama sikioni kwake, "Mama, kunywa hata kidogo, kuna baridi." Alinitazama tu.

Jioni, ndani ya Noah tukirudi mjini, alichukua chupa yangu ya maji akainywa yote bila kuishusha mdomoni.

"Choo chao ni cha shimo," alisema. "Ningechuchumaaje?"

Tulishapita mashamba kadhaa ya mtama uliovunwa ndipo akaongeza: "Halafu kutwa nzima nimekaa juu yao kama mgeni."

Nilishatangaza kwamba amepona

Maneno hayo mawili nimelala nayo na kuamka nayo tangu siku ile. Yamenisumbua kwa sababu wiki ileile ya msiba nilikuwa nimewaandikia ndugu kwenye kundi letu la WhatsApp: "Mama amepona, tumshukuru Mungu." Niliandika nikiamini. Mfupa ulikuwa umeunga. Alikuwa anatembea. Alikuwa anapanda daladala kutoka kwangu Nkuhungu hadi mjini na kushuka mwenyewe. Ungekutana naye sokoni Majengo akichagua nyanya, usingejua kwamba miezi saba nyuma tulimbeba kwenye blanketi.

Bodaboda ilimgonga mwishoni mwa Novemba, akivuka barabara kuu ya Singida kwenda gulioni. Fupa la paja lilivunjika sentimita chache juu ya goti. Yaliyotokea kati ya barabarani na chumba cha upasuaji sitayasimulia, kwa maana kila ukoo hapa nchini una simulizi yake ya namna hiyo. Niseme tu kwamba kundi la familia lilichangisha fedha kwa siku nne, kaka zangu, wajomba, kwaya ya kanisani kwake, hata watu tuliokuwa hatujasikia sauti zao kwa miaka. Akawekewa bamba la chuma na skrubu. Kabla ya Krismasi tukaruhusiwa.

Msimu wa kilimo ulianza bila yeye. Hilo lilimuuma kuliko mguu.

"Asikanyage"

Siku ya kuruhusiwa, daktari alisimama mlangoni mwa wodi akiwa na haraka ya kwenda kwa mgonjwa mwingine. Akasema, "Mguu huu asikanyage mpaka nimwone tena." Akaandika na kitu chini ya karatasi, kwa mkono, mstari mmoja. Hatukuuliza ulikuwa unasema nini. Tulikuwa tumechoka, gari lilikuwa linasubiri, na neno tulilolihitaji tulikuwa tumeshalipata.

Asikanyage.

Neno hilo tulikwenda nalo nyumbani na huko likakua. Siku ya kwanza lilikuwa na maana yake halisi, kwamba asiuweke uzito wa mwili juu ya mguu ule. Baada ya wiki moja lilikuwa limekuwa asishuke kitandani. Baada ya wiki mbili, asikunje. Mtu mmoja kati yetu, kwa huruma, aliweka mto chini ya goti ili mguu upumzike vizuri. Mto ule ulikaa pale wiki na wiki. Goti likazoea kulala limepinda kidogo, kamba za nyuma ya mguu zikafupika, na hakuna aliyejua kwamba mto ule laini ulikuwa unatuharibia kazi.

Na tulimuuguza kweli. Kwetu mgonjwa hanyanyui kikombe. Mama, ambaye tangu niwe na akili sijawahi kumwona akiletewa maji na mtu, aliletewa maji, uji, beseni la kunawia, simu, redio. Mdogo wangu alimchana nywele. Jirani alikuja kumkanda miguu jioni. Tulishindana kumhudumia. Mgeni akiingia akamkuta mama amejaribu kusogea ukingoni mwa kitanda, sote tulipiga kelele kwa pamoja: "Pumzika mama!"

Naye alipumzika. Alikuwa anaogopa chuma kitavunjika.

Kipindi kile nilijiona binti mwema kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Nalisema hili kwa uzito wake, kwa sababu mwenye mgonjwa nyumbani leo anaweza kuwa anajisikia hivyohivyo.

Ngazi zisizokwenda popote

Machi tulirudi kliniki. Daktari aliinua eksirei mwangani akafurahi: mfupa unaunga vizuri. Kisha akamwambia mama, "Kunja goti."

Goti lilijikunja kidogo, likagoma.

"Fizio amekuwa akifanyia wapi?" aliuliza.

Nilimtazama mama, mama akanitazama mimi. Ule mstari mmoja chini ya karatasi: kumbe ulikuwa wa fizio, mazoezi ya tiba ya viungo.

Chumba chenyewe kiko mwisho kabisa wa korido, ukishapita maabara na dirisha la dawa. Kina kitanda cha ngozi nyeusi kilichochanika pembeni, vyuma viwili vilivyolala sambamba vya kushikilia wakati wa kutembea, baiskeli isiyo na magurudumu, na ngazi za mbao za hatua tatu zinazopanda juu kisha zinashuka upande wa pili, zisizokwenda popote. Mtaalamu alikuwa kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Alisomea KCMC, hospitali ya rufaa kule Moshi, kama wengi wa fani yake. Alimpa mama shikamoo, akavuta kiti akakaa chini kuliko yeye.

Akapima. Kwa kile kirula cha plastiki chenye mikono miwili, goti lilikunja nyuzi 50 tu, na halikunyooka hadi mwisho. Kwa tepu kama ya fundi cherehani, paja lile lilikuwa limepungua sentimita 5 kuliko jenzake. Akamwambia mama alale chali, anyooshe mguu na kuunyanyua kutoka kitandani bila kukunja. Mama alikaza uso, akakaza mikono, akakaza shingo. Mguu haukuinuka.

"Umekufa," mama alisema taratibu.

"Haujafa, mama. Umenyamazishwa." Akaeleza kwamba goti likivimba, neva za pale hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na misuli ya mbele ya paja hupunguziwa amri ili isilivute goti bovu. Mtu anautuma mguu, mguu hausikii, ndugu wanadhani amedeka. Ukiongeza na kulala miezi mitatu, misuli inasinyaa na ile nyama ya kovu inayojenga ndani ya kiungo inayagandisha yale yanayopaswa kuteleza.

Halafu akanigeukia mimi. "Nyumbani, nani anampa maji ya kunywa?"

"Sisi sote," nilisema, na nilisema kwa fahari.

Aliandika kitu. Kisha akasema, bila ukali, "Dada, chuma hiki kiliwekwa ili goti likunjwe mapema. Kama nia ingekuwa mguu ulale tu, angefungwa hogo, ile plasta ngumu."

Nilirudi kwenye benchi la korido nikakaa. Tulichangisha fedha siku nne kununua uhuru wa goti lile, tukampeleka nyumbani, tukamuuguza kama mtu aliyefungwa hogo.

Nimesoma baadaye kwamba ubishi huu ni wa zamani. Katika karne ya 19, Hugh Owen Thomas wa Liverpool alifundisha kwamba kiungo kilichoumia kipumzishwe kwa muda mrefu bila kukatizwa. Upande wa pili, Ufaransa, Just Lucas-Championnière alishikilia kwamba mwendo ndio uhai wa kiungo. Mwaka 1958 madaktari wa upasuaji wa Uswisi waliunda kundi lao, AO, wakiwa wamechoshwa na aina moja ya mgonjwa: eksirei safi, mfupa umeunga, lakini goti limekakamaa, paja limenyauka, kazi imemshinda. Jibu lao lilikuwa kuufunga mfupa kwa bamba na skrubu, uwe imara kiasi kwamba kiungo kianze kuchezeshwa siku za mwanzo kabisa. Bamba lililo ndani ya mguu wa mama ni mtoto wa wazo hilo. Wazo lenyewe lilibaki kwenye mstari mmoja ambao hatukuuliza.

Nimejiuliza sana kosa lilikuwa la nani. Daktari alikuwa na wodi nzima. Sisi tulikuwa na swali moja tu la kuuliza, na hatukuuliza. Kuna siku nalilaumu neno lenyewe. "Asikanyage" halikatazi kukunja. Lakini mtu aliyetishika husikia katazo, kisha analitandaza lifunike kila kitu.

Kuuma na kuumia

Mazoezi yenyewe ukiyaona unaweza kuyadharau. Kukunja khanga iwe kama bomba, kuiweka chini ya goti, kulikandamiza goti juu yake na kukaza paja mpaka uhesabu kumi. Kuvaa soksi na kuburuza kisigino kwenye sakafu ya saruji kuja matakoni, kushikilia, kurudisha. Kukaa ukingoni mwa meza, mguu mzima ukiusukuma mbovu nyuma. Na kile kilichokuwa kigumu kwa mama kuliko vyote, kuweka kisigino juu ya mto huku goti likining'inia hewani lijinyooshe lenyewe, dakika kumi, bila kufanya chochote ila kuvumilia. Mara tatu hadi nne kwa siku. Barafu iliyofungwa kwenye taulo ikifuata.

Ule mto wetu wa huruma tuliuhamisha tu: kutoka chini ya goti kwenda chini ya kisigino.

Kilichonishinda mimi ni sauti. Sikuwahi kumsikia mama akilia kwa maumivu. Alituzaa watano. Sasa nilikuwa nimeshika kifundo cha mguu wake mwenyewe, yeye anasema "basi, basi mwanangu", na mimi natakiwa kusema "bado kidogo". Siku ya nne nilikimbilia jikoni nikafungulia bomba ili nisisikie. Nilianza kupunguza. Alipangiwa mara kumi, nahesabu sita, nasema tumemaliza. Alijua nadanganya. Hatukusema.

Katika udhaifu huo ndipo mama mdogo alipofika kutoka Kondoa na mzee mmoja mchuaji. Sina dharau kwa wachuaji. Watu wengi wa kwetu wametegemea mikono yao kabla barabara za lami hazijafika. Lakini mzee yule alilichukua goti kama mtu anayefungua mlango uliokwama. Alisukuma kwa uzito wa mwili wake. Mama aliuma khanga. Asubuhi goti lilikuwa limejaa, lina moto, na nyuzi tulizozipata kwa wiki mbili zilikuwa zimetoroka.

Nilimweleza mtaalamu kwa aibu. Hakumtukana mzee. Alisema kiungo kilichoganda ukikilazimisha kwa nguvu kinachanika ndani, kinavuja, kinavimba, na uvimbe unarudisha ule ukimya wa misuli. Kisha akanipa kipimo ambacho nimekwisha kukitoa kwa watu wengi tangu hapo. Mazoezi yakileta maumivu yanayotulia kabla ya kulala au usiku uleule, endelea. Asubuhi ukikuta goti limevimba zaidi ya jana na maumivu yamezidi, jana mlipitiliza, punguza, usiache.

"Goti linauma," alimwambia mama, "lakini haliumii. Siku likiumia utalijua kwa asubuhi yake."

Mama aliipenda sana hiyo. Akawa anaamka, anaweka kiganja juu ya goti kama anayempima mtoto homa, anasema, "Leo halikuumia." Ndipo na mimi nikaacha kuhesabu sita.

Jambo jingine la wakati ule. Niliandika tena kwenye kundi la familia kuomba mchango wa fizio: ada za kila kliniki, nauli, barafu. Ujumbe ulisomwa. Watu wawili waliweka alama ya mikono ya sala. Mjomba alinipigia akauliza kwa upendo kabisa, "Si mazoezi tu hayo, mwanangu? Hawezi kufanya mwenyewe?" Chuma kinaonekana kwenye eksirei, mtu anaweza kuituma picha yake kwa watu. Nyuzi tano za goti hazina picha. Nadhani ndiyo sababu wagonjwa wengi niliowakuta kwenye lile benchi walikuwa wanakuja mara mbili, tatu, kisha hawaonekani tena. Kutoka vijijini, zaidi ya kilomita 50 kuja na kurudi hizohizo, kwa ajili ya nusu saa ya kitu ambacho familia nzima inakiita mazoezi tu.

Choo cha nani

Mei goti lilifika nyuzi 90. Mwanzoni mwa Juni, 95. Tulianza kwenda kliniki mara moja kwa mwezi, na moyoni nilikuwa nimeshaweka nukta.

Halafu ule msiba.

Goti lina hesabu zake, na wanaolifanyia kazi wanazijua. Kutembea sehemu tambarare kunataka likunje kama nyuzi 60 hadi 70. Ngazi, karibu 90. Kuinuka kutoka kiti cha chini, zaidi ya 100. Kuchuchumaa hadi chini hupita 120, na kule chini kabisa ni zaidi ya hapo. Nyuzi 95 zinamtosha mtu anayeishi juu ya viti: kiti cha ofisi, kiti cha gari, kiti cha kulia chakula, choo cha kukaa.

Zinanitosha mimi.

Usiku baada ya msiba nilikumbuka swali la siku ya kwanza. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Yule kijana, akijaza fomu yake, aliuliza mambo mengi mfululizo: ngazi zipo? Anaishi na nani? Kitanda kirefu au kifupi? Choo kikoje?

Nilijibu, "Cha kukaa."

Ni kweli, kwangu Nkuhungu choo ni cha kukaa. Lakini mama haishi Nkuhungu. Mama alikuwa amelazwa Nkuhungu. Anaishi Bahi, kwenye nyumba yenye choo cha shimo nyuma ya zizi, jiko la mafiga matatu, kigoda kimoja, na mikeka iliyosimamishwa nyuma ya mlango ikisubiri wageni. Pale kila kitu cha maana kinafanyika chini. Moto unawashwa chini. Ugali unasongwa chini. Mlenda unachambuliwa chini. Mtu akifiwa, watu wanamshukia chini alipo.

Mtaalamu alipanga kazi yake kwa choo nilichomtajia. Na mama alikuwepo, amekaa kwenye kitanda kile cheusi, anasikia. Hakunisahihisha. Nimemuuliza kwa nini. Alisema, "Ulikuwa unaongea na daktari."

Hapo ndipo paliponichoma. Tangu Novemba kila swali aliloulizwa mama lilijibiwa na mimi. Analalaje, anasikiaje maumivu, anakula? Tulianza kwa kumnyang'anya kikombe, tukaishia kumnyang'anya hata maneno ya kuuelezea mguu wake. Siwezi kusema tulifanya kwa ubaya. Tulifanya kwa upendo uleule, na ndiyo maana haikuwa rahisi kuuona.

Swali likaulizwa upya

Julai tulirudi kwenye kile chumba. Nilimweleza kijana habari ya choo, nikamweleza na chai. Aliweka kalamu chini. Akavuta kile kiti chake kifupi mbele ya mama, mimi nikabaki nyuma.

"Mama, wewe unataka goti hili lifanye nini?"

Mama alikaa kimya mpaka nikakaribia kumjibia. Nikajizuia, niliuma ulimi kabisa. Kisha akaanza, na hakuwa na shaka hata kidogo. Anataka kujisaidia bila kiti kile tulichotoboa. (Tulikuwa tumempelekea fundi kiti cha plastiki akakikata tundu katikati, cha kuweka juu ya shimo akirudi kijijini. Mama alikichukia tangu kinashuka kwenye baiskeli.) Anataka kukaa mkekani. Anataka kusonga ugali wake mwenyewe, kwenye mafiga yake, si kusimama mbele ya jiko la gesi la mtu.

Kijana hakumpa ahadi. Nilimheshimu zaidi kwa hilo. Alisema goti lililochelewa miezi mitatu ya mwanzo halirudi kama lililoanza wiki ya kwanza, kwamba nyama ya kovu ikishakomaa inaachia polepole sana, na kwamba huenda kuchuchumaa hadi chini kusiwezekane tena. Daktari anaweza kuingia ndani akayaachanisha yaliyoganda, ila baada yake mazoezi yanaanza upya makali zaidi.

"Sipasuliwi tena, mwanangu," mama alisema. "Tulisukume hivihivi."

Ila kulikuwa na kitu kingine, na hiki kilinishangaza kwa udogo wake. Akatandika mkeka sakafuni, mkeka wa kawaida wa ukindu. Akamfundisha mama kushuka: mkongojo upande wa mguu mzima, mguu mbovu unatangulia mbele umenyooka, mguu mzima unabeba kazi yote, kiganja kinaifikia sakafu, haraka zote zinaachwa, kisha tako moja linakaa. Kuinuka ni kinyume chake, kwa kugeukia upande wa mguu mzima na kupiga goti lake. Walifanya mara sita. Mara ya sita mama alishuka bila kushikwa.

Alikaa pale chini, mguu mmoja umenyooka, khanga imefunika magoti. Akapapasa mkeka kwa kiganja.

Hili halikuhitaji nyuzi 130. Lilihitaji nyuzi tulizokuwa nazo tangu Mei na mtu wa kumuuliza. Nilitoka nje nikasimama kwenye upepo mpaka macho yakauke.

Shubiri

Hatuna kile kirula nyumbani. Kijana alitufundisha njia nyingine: mama analala kifudifudi, anakunja goti kadiri anavyoweza, na mimi napima umbali kutoka kisigino hadi tako kwa shubiri ya mkono wangu. Mwezi Machi, nikikisia nilivyokumbuka, zingekuwa shubiri tatu. Julai tulianzia shubiri mbili. Naandika kwa penseli ukutani, kando ya kalenda ya kanisa.

Zipo wiki ambazo namba haisogei. Wiki ya pili ya Agosti ilirudi nyuma kidole kimoja kwa sababu ya baridi, au kwa sababu alisafiri kwenda kuona mbegu zake zimehifadhiwaje, hatujui. Anataka awe Bahi kabla mvua hazijaanza. Kiti kilichotobolewa kitakwenda naye kwenye gari, tumekubaliana hivyo, lakini kitakaa stoo mpaka siku atakapokiomba mwenyewe. Maji anajichotea. Inanichukua nguvu nyingi kumwacha ainuke akachote, nikiwa nimekaa, nikimsikia anavyoburuza hatua kuelekea kwenye ndoo na kurudi.

Jana jioni alimaliza mizunguko yake, akalala kifudifudi kwenye mkeka barazani, akakunja. Nikaweka kidole gumba kwenye kisigino, nikatanua mkono.

"Shubiri moja na vidole vinne," nilisema.

Alinyamaza kidogo, uso umelalia mikono.

"Pima tena," akasema. "Umetanua sana."